Prosesa Iliyogoma Kushuka Bei

Avinesh Ram Lakhan hajawahi kununua kitu siku kilipotoka. Gari alilinunua wakati mwenye gari alikuwa ameshafunga masanduku ya kuhamia Brisbane. Friji aliichukua baada ya mafuriko, ilipokuwa na doa moja tu ubavuni. Hata kamera anayopigia harusi mjini Labasa, Fiji, na kwenye mashamba ya miwa aliivumilia mpaka mpya ikatangazwa, ya zamani ikaporomoka bei. Kwa mtindo huo amejenga nyumba ya matofali bila mkopo, na hakuna aliyewahi kumcheka.

Kilichomnyima usingizi ni prosesa, ubongo wa kompyuta. Kompyuta yake ilikuwa imechoka. Harusi ya mwana wa Mama Shakuntla, kamera mbili, siku tatu, iliihenyesha mpaka feni zikanguruma kama jenereta, na kabla kazi ya kuhariri haijafika nusu skrini ikaganda. Bodi yake, sahani inayobeba prosesa, ilikubali prosesa kubwa zaidi ya ukoo uleule, na prosesa hiyo ilikuwapo mjini: kasha moja, kwenye rafu ya duka la Sitiveni, dola mia tano na ishirini. Ila kiwanda kilikuwa kimetangaza toleo jipya, lifike mwezi huohuo. Vipya vikiingia, vya zamani hushuka. Kila fundi wa kompyuta anajua hivyo.

Basi akangoja. Asubuhi, kabla ya mswaki, alichungulia simuni bei za maduka ya Auckland. Zilishuka dola kumi, zikapanda kumi na tano.

"Unaitazama hiyo simu kama mtu anayengoja majibu ya hospitali," alisema mkewe, Roshni, akigeuza roti.

"Itashuka."

"Na Mama Shakuntla? Naye atashuka?"

Mama Shakuntla alikuwa amekuja kumwoza mwanawe, na Jumamosi angepanda ndege kurudi Sydney, ambako ukumbi ulishakodiwa ili ndugu waliobaki waione filamu. Alishasema wazi: Ijumaa ikipita bila filamu, harusi za mabinti wawili wa dada yake, za Desemba, zinakwenda kwa mpiga picha wa Nadi. Harusi hizo mbili ndizo zilizokuwa msimu mzima wa Avinesh.

Jumanne akaenda dukani. Sitiveni ni Mfiji asilia, Avinesh ni Mhindi wa hapohapo. Wamekulia mtaa mmoja na hawajawahi kusalimiana kwa adabu.

"Huyo, mkono wa birika!" Sitiveni alipaza sauti. "Umekuja kununua, mtani, au kulijulia hali kasha?"

"Nimekuhurumia. Wiki ijayo hiyo ni takataka. Chukua mia nne nikuondolee mzigo."

"Mia nne kanunue mbuzi."

"Mbuzi angalau akizeeka bei inashuka."

"Mbona wewe umezeeka na hushuki?"

Avinesh akacheka, akatoka polepole, akitega sikio aitwe. Hakuitwa. Njiani akapima pande zote mbili. Akinunua leo na kesho ishuke, atajiona mjinga mwaka mzima. Asiponunua, Ijumaa inakuja.

Jumatano toleo jipya likaingia Auckland. Akafungua simu. Ile ya zamani haikushuka. Ilikuwa imekwisha. Duka moja tu lilikuwa nayo, na bei ilikuwa imepanda. Akakaa ukingoni mwa kitanda mpaka ikamwingia akilini: prosesa mpya inataka bodi mpya, na kila mwenye bodi ya zamani alikuwa akingoja kama yeye. Wote wameirukia asubuhi moja.

Aliendesha bila kufunga mkanda. Kaunta ya Sitiveni ilikuwa na mteja, mzee wa makamo kutoka Savusavu, na kasha lilikuwa mkononi mwake akiligeuzageuza.

"Hii ndiyo ya mwisho?"

"Ya mwisho," alisema Sitiveni.

Mzee akapeleka mkono mfukoni.

Avinesh alijifanya anatazama nyaya. Ujanja wake wote ulikuwa wa kumlegeza muuzaji, na huyu hakuwa muuzaji. Kupandisha dau? Sitiveni asingemwaibisha mteja kwa mnada. Lilibaki neno moja, ambalo visiwani huku ndugu au mtani akilitumia kukuomba kitu, unakitoa bila kuuliza sababu. Nawe siku ukiombwa, utatoa. Deni hilo halitajiwi bei. Ndiyo maana Avinesh hakuwahi kulitamka maishani: biashara isiyo na tarakimu aliiogopa kuliko moto.

"Mtani," akasema. "Kerekere."

Sitiveni akageuka. "Sema tena?"

"Umenisikia."

"Nimesikia, lakini sijaamini."

"Kerekere, Sitiveni. Hilo kasha."

Sitiveni akalichukua taratibu kutoka mkononi mwa mzee. "Unisamehe, kaka. Limeshaombwa."

Mzee akawatazama wote wawili, akarudisha pesa mfukoni. Hakugomba, desturi ni yake pia.

"Mia tano na ishirini. Umeomba lisiuzwe kwa mwingine, hukuomba bure," Sitiveni akasema. Avinesh akafumbua mdomo kwa mazoea. "Thubutu!" Sitiveni akamkatiza.

Akalipa yote.

"Na wewe?" akauliza, kasha kwapani. "Utakaloniomba, litaje sasa tumalizane. Harusi ya mpwa wako? Gari?"

"Haraka ya nini, mtani?" Sitiveni aliegemea kaunta. "Nangoja lipande bei."

Filamu ilikamilika Alhamisi, na Mama Shakuntla akaondoka nayo akiwa ameridhika. Harusi za Desemba zikabaki zake. Lakini mpaka leo jina la Sitiveni likitokea kwenye simu, Avinesh huiacha iite kwanza, akipiga hesabu ya vyote anavyomiliki, ndipo apokee.