Umeme Ukikatika, Bi Mwatum Hukimbilia Koki

Unapita hapa kila siku wala hugeuzi shingo. Kibanda cha matofali nyuma ya skuli, Kiembe Samaki, unakisikia kinavyonguruma, unakwenda zako. Maji yake unayanywa.

Saa nne asubuhi ngurumo inakatika. Bi Mwatum Shaame, miaka 53, msimamizi wa pampu ya mtaa, analishika gurudumu la koki kubwa ya bomba kuu kwa mikono miwili na kulifunga. Umeme umekwenda, mara ya tatu tangu alfajiri.

Mwanawe Wakil, anayefanya kazi kwenye treni ya umeme huko bara, yuko likizo, amekaa kando yake.

"Waya wetu wa juu una vipande visivyo na umeme, vimeachwa makusudi," anaeleza. "Dereva anauzima kabla hajafika, treni inapita kwa kasi yake yenyewe, mbele anauwasha. Abiria hata hajui."

"Pengo lenu mnajua liko wapi, mwanangu," anajibu mama. "Langu halipigi hodi."

Alianza kazi baada ya lile giza la miezi mitatu, umeme ulipokatika kisiwa kizima mwisho wa 2009. Mtaa uliapa kununua jenereta. Umeme uliporudi, kila mtu kimya. Miaka yote hiyo!

Jirani yake, Khatib, anachungulia mlangoni. "Bi Mwatum, maji vipi? Au umelala?"

"Mfereji wako wa maji nyumbani umeufunga?"

"Aa, nshauacha wazi, na ndoo chini. Nikisikia maji tang tang ndooni, najua umeme umerudi."

"Kumbe mota ya pampu yangu ndiyo kengele yako!"

Khatib anacheka. Bi Mwatum hacheki.

Mtaa mzima hufanya hivyo. Umeme ukirudi, yeye hufungua koki kidogo kidogo ili bomba lijae taratibu. Lakini mifereji mia mbili iko wazi, bomba halijai, mota inavuta umeme kupita uwezo wake mpaka inaungua. Mwaka jana ziliungua mbili. Ya pili iliuacha mtaa siku kumi na saba bila maji. Bi Badria, mjamzito wa miezi minane, alianguka na ndoo kichwani. Mtoto hakupona.

"Nilimuosha mimi," Bi Mwatum anasema. "Mota hii iliyobaki ndiyo ya mwisho. Nataka mwaka mmoja tu usiounguza kitu."

Taa ya kibandani inawaka. Mkono wake uko kwenye koki, anasubiri.

Anakusubiri wewe. Weka gazeti chini, nenda kafunge mfereji wako. Kisha kamgongee jirani.