Nyongeza ya Bi Sikudhani

Bi Sikudhani Kondo hajawahi kuuza kitu kwa hesabu kamili. Ukimwomba makuti ishirini atakupa ishirini na moja, na ukimshukuru vizuri utaondoka na ishirini na mawili. Tabia hiyo aliitoa kwao Maneromango, Kisarawe, kwa marehemu mama yake, aliyekuwa akisema kwamba muuzaji asiyetoa nyongeza hajauza, amemfukuza mteja kwa adabu tu.

Kwa mama huyo ndiko alikojifunza kushona makuti akiwa na miaka saba. Unakunja majani ya mnazi juu ya ufito, jani hili limlalie mwenzake, kisha unayashona kwa kamba ya miyaa mpaka ufito ujae. Alipoolewa na Hamidu akaja Kongowe ya Kibaha, hakuja na mali yoyote ila sanduku, jamvi na vidole vyake, na vidole hivyo vikailisha nyumba miaka mingi. Halafu bati likaingia kila mahali. Hata waliolalamika kwamba mchana bati linawapika kama mihogo, nao walilinunua. Bi Sikudhani akageukia maandazi. Anayachukia maandazi mpaka leo na wala hafichi.

Basi siku moja akaja Naila, binti wa kampuni ndogo ya kusafirisha mizigo, akiulizia watu wanaojua kushona makuti ya kuezekea. Alieleza kwamba mahoteli ya pwani huko Uarabuni yanayataka kwa wingi, na kwamba wageni wanalipa fedha nyingi ili wakae chini yake.

"Kwani huko hakuna bati?" Bi Sikudhani aliuliza.

"Kila kitu kipo, mama."

"Na wanataka makuti."

"Wanataka makuti."

Bi Sikudhani alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Biashara ya maandazi aliifunga siku hiyo hiyo, unga ukiwa umeshakandwa, na jioni Hamidu akala chapati zisizo na idadi.

Oda ya kwanza ilikuwa makuti elfu sita ya kwenda Maskati, yaani korija mia tatu, kila korija makuti ishirini. Mnunuzi alisema mzigo ukimfikia salama atachukua kontena kila baada ya miezi miwili. Ukiwa na kasoro, atatafuta watu wengine. Bi Sikudhani aliwakusanya wanawake kumi na wanne, wengine wakaacha vibarua vyao kwa sababu yeye ndiye aliyewaambia waache. Neno hilo lilimkalia kifuani miezi mitatu yote ya kushona.

Siku ya kupakia, Naila alifika saa tatu asubuhi na karatasi zake. Lori lilikuwa limeshafika, na kabla ya jioni kontena lilitakiwa kuwa bandarini. Alifungua korija moja ahakikishe. Akahesabu, akarudia kuhesabu. Akafungua ya pili, kisha ya tatu.

"Mama, hii ina ishirini na moja. Na hii ishirini na moja. Hii hapa ina ishirini na mawili."

"Hiyo itakuwa ya Anifa," alisema Bi Sikudhani kwa fahari, akimwelekezea kidole mmoja wa washonaji. "Anifa ana mkono wa kutoa."

"Lakini karatasi zinasema ishirini."

"Ishirini ndiyo anayonunua. Hayo mengine ni nyongeza."

Naila alikaa juu ya mzigo. Alieleza taratibu, maana alimheshimu, kwamba bandarini mzigo ukizidi karatasi, hata kwa kuti moja, hawatauliza habari za ukarimu. Watasema mzigo umefichwa. Meli itaondoka, kontena litabaki, na mnunuzi atakwenda kwingine. Njia nyepesi ni kuyatoa yaliyozidi.

Wanawake waliokuwa wakibeba korija walizitua chini wakasogea. Bi Sikudhani aliona haya, na haya ikageuka hasira. Miaka hamsini anatoa nyongeza, leo aambiwe anaficha!

"Kuyatoa, siyatoi," alisema. "Nimeshampa. Mtu ukishampa, unarudije kumpokonya? Hata kama hajui, mimi najua."

"Basi tubadilishe karatasi, iandikwe idadi ya kweli. Ila mnunuzi lazima akubali, na atauliza kwa nini imezidi."

"Mpigie. Nitamwambia mwenyewe."

Naila alisita. Miezi yote mitatu alikuwa akiandikiana na mnunuzi kwa Kiingereza kikavu, sentensi mbili mbili, wala hakujua ataanzia wapi kueleza nyongeza. Alipiga, akaweka sauti kubwa, na kabla hajafungua kinywa Bi Sikudhani alishainamia simu.

"Asalaam aleikum. Mimi ni Sikudhani, mshona makuti. Nimekuongezea kidogo, ndiyo kosa langu. Wanasema nimeficha. Mimi sijaficha, nimekupa."

Ikatoka sauti ya mzee, Kiswahili safi cha Unguja.

"Waaleikum salaam, mama. Umeniongezea mangapi?"

"Moja kila korija. Pengine mawili."

"Kwa bei gani?"

"Nyongeza haina bei, baba."

Mzee alikohoa. "Mama yangu alikuwa akinituma sokoni, nikirudi bila nyongeza ananirudisha. Nimekaa huku miaka thelathini na mbili, nanunua na kuuza, sijapewa nyongeza na mtu. Naila, andika idadi ya kweli. Na usitoe hata moja."

Bi Sikudhani alifuta macho kwa upindo wa khanga, akasema ni vumbi la makuti. Hakuna aliyemwamini, na Anifa alilia waziwazi kwa furaha. Kisha wakafungua korija zote mia tatu na kuhesabu kwa sauti, wakipokezana. Ilipofika adhuhuri walipata elfu sita mia tatu arobaini na saba. Naila akaandika, akatuma, karatasi mpya zikarudi, na saa tisa kuti la mwisho lilikuwa ndani.

Rama, dereva, alishika mlango wa kontena. Bi Sikudhani akautazama mzigo wake, akatikisa kichwa kwa kuridhika, mkono wake ukaokota kuti moja lililobaki uani nje ya hesabu na kulipeleka juu ya mzigo.

"Mama," alisema Naila.

Mkono ulisimama hapo. Bi Sikudhani alilitazama lile kuti, akamtazama Naila, akaona aibu ya kulirudisha chini. Akageuka, akampa Rama.

"Mama, mimi nyumba yangu ya bati," alisema Rama. "Hili nitalifanyia nini?"

"Hayo utajua mwenyewe. Kwangu mtu haondoki mikono mitupu."

Rama alilipandisha mbele, akaliweka kwenye kiti cha abiria, akawasha lori.