Parachuti la Bafta

Harufu ya salfa mpaka leo inanirudishia woga. Msimu ule upepo wa Julai ulikuwa ukileta unga wake wa njano kutoka kwenye mikorosho ya Nambambo iliyopuliziwa dawa hadi darasani kwetu, la tano, na Mwalimu Hadija akaamua kuutumia upepo kutufundishia. Alituambia tupulize juu ya ukanda wa karatasi. Badala ya kulala, ukainuka. "Hewa mnaidharau," akasema, "lakini inabeba." Kisha akamwagiza kila mtu parachuti: kitambaa chepesi cha mraba, nyuzi nne, jiwe, na tundu dogo katikati ili hewa ipite, lisiyumbe.

Nyumbani kitambaa chepesi kilikuwa kimoja. Bibi aliyenilea, mama yake baba, alikuwa amenunua bafta nyeupe Ruangwa baada ya kuuza ufuta, akaikunja sandukuni. Ilikuwa sanda yake. Wazee wetu hujiwekea mapema, wasije wakasumbua watu siku ya mwisho. Nilijua, wala sisingizii utoto. Nilikata mraba mmoja tu pembeni, nikajiambia maiti hapimi.

Mwalimu aliyaachia maparachuti yetu kutoka kwenye mnara wa tenki la shule. Ya mifuko ya mbolea yalianguka puu; langu likaelea, likatua la mwisho, wenzangu wakanibeba juu juu. Nikarudi nyumbani nikamkuta Bibi amejikunja mkekani, anatetemeka kwa homa.

Sijawahi kuogopa vile. Niliamini kuikata sanda ndiko kumwita mwenyewe aivae. Na akifa, sanduku litafunguliwa mbele ya wanawake wa kijiji kizima, pengo lionekane. Naona haya kusema kwamba sikujua lipi naliogopa zaidi. Nilikirudisha kipande chini kabisa ya sanduku, na nyuzi zake. Siku ya tatu Bibi akaniita.

"Nifungulie sanduku, mjukuu wangu, unipe kanga."

Mikono haikushika kitasa.

"Mbona watetemeka wewe, na homa ni yangu?"

Nikasema ni baridi. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nilijua methali hiyo, na bado nilificha.

Alipona, akaishi miaka mingi. Alipofariki mwaka juzi, shangazi alifungua sanduku nami nimesimama mlangoni, mama wa watoto wawili. Sanda ilikuwa mpya, nzima. Juu yake palikuwa na mraba wa bafta uliofuliwa, nyuzi nne zingali zimefungwa, tundu la katikati limezibwa kwa mishono midogo midogo. Shangazi akauliza hiki ni nini. "Ni changu," nikasema, nikalia mbele ya watu wote.

Binti yangu sasa yuko la tano. Akitaka kitambaa huniomba waziwazi. Nikimkatalia hununa, lakini haniogopi. Alipofundishwa parachuti, nilimpa ule mraba. Akalirusha, likayumba huku na huku.

"Mama, nani kaziba tundu? Nilitoboe?"

Nikamwambia aliache hivyo hivyo.