Cheti cha Mpiga Tarumbeta

Jumamosi, katika bustani ya mtaa wetu wa Lidcombe, bendi ya jazi ya wastaafu ilikuwa ikitafuta mpiga tarumbeta. Kwa sababu ya korona walikaa mbali mbali, barakoa videvuni, kila mmoja akieleza alikojifunzia muziki: jeshini, chuoni, kwa mwalimu wa piano.

Jirani yangu Mkongo, mfanyakazi wa ghala niliyemsindikiza na tarumbeta yake, alininong'oneza, "Kaka, mimi sina cheti. Niseme nini?"

"Sema kweli."

"Nilijifunza kwa mazishi," akawaambia. "Kwenda kaburini tunapiga polepole. Kurudi, tunapiga mpaka wajane wanacheza."

Kiongozi akamsogezea kiti. "Muziki wetu huu ulianza hivyohivyo. Sisi tuliusomea tu. Keti."

Nilirudi nyumbani nikavitazama vyeti vyangu ukutani. Hakuna hata kimoja kilichowahi kumchezesha mjane.