Redio Inayosikiliza Mkono wa Mwamini

Habari hii imetoka kwa Tahira, mama mzazi wa Mwamini, wiki iliyopita, alipokuja kwangu kuazima kinu akakaa mpaka chai ikapoa. Mengine ameyasema Cikuru mwenyewe, fundi redio wa soko la Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, ambaye huongea bila kuinua macho kutoka kazini.

Saa tatu asubuhi. Cikuru anapuliza makaa ya mbabula, jiko lake dogo. Umeme hakuna, kwa hiyo chuma chake cha kulehemu anakipasha motoni kama mtu anayechoma mahindi. Kwenye kibanda chake harufu ya mawese inaingia mlangoni, ya ndagala, dagaa wa huku, zilizoanikwa inaingia dirishani.

Mwamini anafika, anakaa kwenye kigoda, ananyoosha mkono wa kulia. Cikuru anamfungia kwa ukanda wa mpira wa baiskeli kitu cheupe, kirefu kama kiganja, chenye waya unaokwenda hadi kwenye redio. Redio, ya betri, imewashwa lakini kimya. Mwamini anauma mdomo, anainua mkono polepole, na sauti ya mtangazaji inaanza kutoka, ndogo, kisha kubwa.

"Mkono ukishuka, na redio inashuka," anasema Cikuru. "Haina huruma."

Cikuru alitoka Kivu Kusini akikimbia vita. "Nikafika huku, nikakuta vita vimenitangulia," anasema. Watu wanasema vita vinakwisha mwaka huu wa 2008. Barabara ya Bujumbura haijasikia bado.

Kwenye barabara hiyo, mwaka jana, basi dogo alilopanda Mwamini lilipigwa risasi. Moja ilipita begani mwake. Kidonda kilipona, bega likaganda. Muuguzi alimwambia auinue mkono kila siku, hata ukiuma. Aliuinua siku mbili tatu akaacha, kwa sababu uchungu aliuona na faida hakuiona.

Tatizo lilikuwa Batuli, binti yake, aliyekuwa bado ananyonyeshwa kila saa. Kumbeba mtoto mgongoni kunataka mikono miwili: unainama, unamtupia mtoto nyuma, unavuta kitenge juu ya bega, unakaza kifuani. Mwamini hakuweza. Tahira ndiye aliyembeba mjukuu wake tangu hapo, akianika ndagala naye, akipika naye. Batuli akisikia usingizi, mikono anamnyooshea bibi.

"Siku moja akaniambia, 'Mama, mimi sasa niko dada ya mutoto wangu,'" anasema Tahira.

Kile kitu cheupe kilitoka Ulaya ndani ya mfuko wa koti. Nasiri, muuza mitumba, alikikuta akipanga nguo, akampelekea Cikuru akidhani ni rimoti ya televisheni. Cikuru alikifungua. Ni manete ya mchezo, ile ambayo mtoto wa matajiri anaipunga hewani na mtu kwenye televisheni anapunga vilevile.

"Ndani iko na kadude kadogo kanakojua kama kamelala ao kamesimama," anaeleza. "Nikajiuliza, kanajua hivyo, kanyamaze bure?"

Mwanzoni alikiunganisha na kipaza sauti cha redio iliyokufa, kikawa kinapiga mluzi. Mkono chini, mluzi mzito. Mkono juu, mluzi mwembamba. Mwamini alicheka siku ile, jambo ambalo Tahira hakuwa amelisikia muda mrefu. Kesho yake akarudi mwenyewe bila kuambiwa.

Lakini Rumonge, mitumbwi ikifika na ndagala, Maneno, msimamizi wa mitumbwi, hupiga filimbi ufukweni, na wanawake hukimbia na mabeseni, maana wa kwanza ndiye anayechagua. Asubuhi moja Mwamini alipofikisha mkono usawa wa bega, mluzi ulitoka sawasawa na filimbi ya Maneno. Soko lote likateremka mbio. Ziwa lilikuwa tupu.

Asiya, ambaye mdomo wake unajulikana, alipanda kutoka ufukweni na beseni kavu kichwani, akasimama mlangoni. "Mwamini, shoga yangu, leo bega lako limetuvulia samaki gani?"

Maneno naye alikuja, amekasirika. Alisema filimbi kwenye ufukwe huu iko moja tu. Alipoonyeshwa mkono wenyewe, aliomba tu kelele ibadilishwe.

Ndipo Cikuru alipouondoa mluzi, akaifanya manete iwe ndiyo inayoongeza na kupunguza sauti ya redio nzima. Siku za kwanza Mwamini alidanganya, akikunja kiwiko tu. Cikuru akaihamishia juu ya kiwiko.

Sasa saa ya habari wanawake hujaa kibandani. Kila mmoja ana mtu njiani, na redio ndiyo inayosema barabara ipi imefungwa. "Inua, Mwamini, hatusikii," anaamrisha Asiya, na Mwamini anainua, machozi yakimtoka na kicheko pia.

Cikuru anatafuta manete nyingine. Kuna mvuvi wa Kabonga ambaye goti lake halikunji, na fundi ameshawaza namna ya kumfungia. Nasiri siku hizi hauzi koti kabla ya kupapasa mifuko.

Alhamisi, mtangazaji alikuwa ameanza kutaja barabara. Batuli akalia usingizi, akamnyooshea bibi yake mikono. Tahira alikuwa ameshainama kumpokea. Mwamini akasema taratibu, "Acha, mama. Nipe kitenge."

Aliinama, manete bado imefungwa juu ya kiwiko, akamtupia mtoto mgongoni. Mkono wa kulia ukapanda kuvuta kitenge juu ya bega, na redio ikanguruma mpaka vikombe vya Cikuru vikatetemeka. Kisha mkono ukashuka kifuani kukaza fundo. Redio ikanyamaza katikati ya jina la mji.

Asiya alikuwa amefungua mdomo. Akaufunga. "Barabara watatuambia jioni," alisema, na hakuna aliyembishia.

Batuli alilia kidogo, akaupapasa mgongo asioujua, akaweka shavu juu yake, akalala.

Tahira aliingia nyuma ya kibanda, penye mkeka wa fundi. Alijinyoosha chali, mgongo wake ukiwa hauna mtu, akasema anapumzika kidogo tu, na kabla hajamaliza kusema, na yeye akalala.