Siku Zuhura Alipotutafsiria Kifaransa

Mpaka kesho naikumbuka alasiri ile, mwanangu, mume wangu Shabani alipoingia ndani na santuri kwapani, anatabasamu kama aliyeokota dhahabu. Nilikuwa bibi harusi wa juzijuzi, tunakaa Bagamoyo nyumbani kwa mama mkwe wangu, Bi Mwajuma, Mungu amrehemu. Shabani alikuwa akifanya kazi Mbegani, na Mfaransa mmoja aliyekuwa anarudi kwao ndiye aliyempa. Alimwambia kwao hakuna asiyeijua santuri ile, watu wazima wanaisikiliza na kulia.

Basi tukaiweka. Gramafoni yetu ilikaa dirishani, maana chumba kilikuwa kidogo na hapakuwa na pahala pengine. Akaanza kuimba mwanamke, sauti nzito, maneno yanamkwama kooni, mara ananong'ona, mara anafoka. Wimbo wa tatu akacheka katikati, kicheko kirefu, kisha akaendelea kuimba kama hakuna lililotokea. Mimi nikaduwaa. Shabani alisema hiyo ni raha tupu, na upande wa kwanza haujaisha alikuwa anakoroma. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni, akasema, "Mwanamke huyu anaumwa jino." Na mimi, usinicheke, wimbo wa mwisho ulinitoa machozi, na hadi leo sijui nilikuwa namlilia nani.

Tukaizoea. Kila alasiri tunaiweka, mama mkwe anapeta mchele huku anaiga ile sauti ya kooni, tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Sasa, dirisha lile lilitazama uani kwa Zuhura. Zuhura alikuwa jirani na shoga yangu, tukiazimana mpaka chumvi. Ghafla akaninunia. Namsalimu, anaitikia kwa pua. Mbuzi yangu ya kukunia nazi akairudisha kwa kuiacha mlangoni, hata hodi hakupiga. Nikajiuliza nimemkosea nini, sioni. Nikamuuliza Shabani, akasema, "Wanawake mna mambo." Yeye kila asichokielewa alikijibu hivyo.

Halafu siku moja Zuhura naye akaweka kanda ya taarabu kwenye redio yake, akaielekeza kwetu, sauti juu. Loo! Wewe mtu wa pwani, huhitaji kuelezwa. Kwetu wimbo hauelekezwi dirishani kwa mtu bure. Anayeuelekeza ana la kusema, na anayeelekezewa anajua ni yeye. Damu ikanichemka. Nikaanza kupekua santuri zetu za taarabu nitafute iliyo kali kuliko yake.

Mama mkwe akanishika mkono. "Unamjibu nini, na hujui amekuuliza nini?"

"Kwani humsikii, mama?"

"Namsikia. Ndiyo maana nakuuliza."

Nikanuna, nikazirudisha santuri mahali pake. Kweli nilikuwa sijui.

Kesho yake tukasikia kuwa Zuhura anafunga mizigo, kaka yake anakuja kutoka Ubena kumchukua. Anaondoka nyumbani kwa mumewe bila kumuaga mtu. Hapo nikachanganyikiwa kabisa. Mtu ahame mji kwa sababu amenuniana na mimi? Mama mkwe akainuka. Akabeba gramafoni, mimi nikabeba santuri, tukaenda. Hodi aliipiga akiwa ameshafika ndani.

Zuhura alikuwa amekaa juu ya furushi la nguo. Hasira zimemjaa, lakini adabu hakuiacha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuja unitafsirie."

"Nikutafsirie nini?"

"Kifaransa. Sisi tunaisikiliza hii santuri hatuambulii kitu. Wewe naona unaielewa."

Nilidhani atatufukuza. Mama mkwe akaweka sindano, yule mwanamke akaanza kuimba. Zuhura akautazama ukuta, kisha akaanza kusema polepole.

"Hapa anasema nina mume, na mume ana shamba Vigwaza." Akakunja pindo la kanga yake. "Hapa anasema shamba hakuna. Kuna mke, na mtoto ameshaanza kutambaa." Wimbo ukaisha, ukaja mwingine. "Hapa anasema mtaa mzima unajua, asiyejua ni Zuhura peke yake." Wimbo wa tatu, kikaja kile kicheko. "Na hapo," akasema, "hapo ndipo mnaponicheka."

Wallahi, mwanangu, nikaenda kukaa naye juu ya lile furushi. Shamba la Vigwaza tulilijua, tulikuwa tukiletewa mihogo yake. Mke hatukumjua.

"Zuhura, sikujua," nikamwambia. "Naapa, shoga yangu, sikujua."

Akanitazama. "Kweli hamkujua?"

"Mimi," akasema mama mkwe, machozi yanamtoka, "nilikuwa namsikia mwanamke anaumwa jino."

Zuhura akaangua kicheko, kicheko kikageuka kilio, akaniangukia begani. Alilia mpaka santuri ikaisha na sindano ikawa inakwaruza tu, hakuna aliyekumbuka kuinyanyua.

Kaka yake alipofika, hakumkuta mtu anayetoroka. Alikaa, akala, mume akaitwa mbele ya wazee wa pande zote mbili, akakiri. Zuhura aliomba talaka yake, akapewa, akaondoka mchana kweupe, tumembebea mizigo mpaka kituo cha basi. Niliumia sana kumpoteza. Ila aliondoka anajua kwamba hakuna aliyemcheka.

Mwaka huu mjukuu wangu ameitafuta santuri ile kwenye simu, akanisomea maana yake. Ati ule wimbo wa kicheko ni habari za bwana mmoja aliyesahau kofia nyumbani kwa mwanamke, akaona haya kuirudia. Kofia! Nikamwambia asome tena. Akasoma tena, ni kofia. Sasa Wafaransa wanalilia nini, na mimi nililia nini? Sijui, na nimeacha kuuliza.

Lakini hili nalijua, na nakwambia wewe unayeshinda na simu, mtu akiweka wimbo unasema kaniwekea mimi. Likikuuma jambo usilolielewa, usilijazie maneno yako mwenyewe kisha ukayaamini. Mfuate mwenye jambo kwa miguu yako, umuulize uso kwa uso. Na mtu akikununia, usitafute wimbo mkali kuliko wake. Nenda ukae naye, akwambie yeye anasikia nini, maana pengine ana msiba na hajapata pa kuusemea. Mimi bila mama mkwe ningemjibu Zuhura, na angeondoka Bagamoyo akiamini kwamba shoga yake alimcheka siku iliyokuwa mbaya kuliko zote maishani mwake.

Mwenyezi Mungu akuongoze, mwanangu. Siku utakayoumia akupe watu wa kukwambia "sikujua", na akupe moyo wa kuwaamini.