Miguu Mitatu Kwenye Kibanja cha Babu

Mwezi uliopita kijana mmoja alisimamisha chombo cha kupimia ardhi, chenye miguu mitatu, katika kibanja chetu cha Kanazi, karibu na kaburi la babu, nami nikaketi chini. Si uzee tu. Niliwahi kuiona miguu mitatu kama ile mahali palepale, asubuhi ya harusi ya dada yangu, nikiwa na miaka minane.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, na jioni wakubwa walinong'ona huku wakimenya ndizi. Shangazi aliyeolewa Kagoma alitusimulia kuwa kwao walifika wapimaji na chombo cha miguu mitatu, na baada ya mavuno ya kahawa watu wakaambiwa wahamie kijiji kipya. Sijui kama ilikuwa kweli. Mimi niliogopa jambo moja: tukihamishwa, babu atabaki peke yake chini ya migomba.

Siku ya harusi nyumba ilinukia pombe ya rubisi na ndizi zilizoivia ndani ya majani. Nilitumwa mgombani, nikamkuta mgeni amesimamisha miguu mitatu kando ya omulamula, mmea wa mpaka aliouotesha babu. Kichwa chake kilifunikwa kitambaa cheusi. Nilikimbia hadi nikapoteza kiatu.

"Bibi, wapimaji wamefika."

Bibi alitoka na nguo yake ya kwendea harusini, akaketi juu ya kaburi la mumewe, akalishika jiwe kwa mikono miwili.

"Bibi waitu, mimi mpiga picha tu," mgeni alisema kwa heshima. "Bibi harusi ameniita kutoka mjini. Anataka picha hapa kwa babu yake kabla hajaondoka."

"Na wale wapimaji wa Kagoma walikuwa na maneno matamu. Nipime mimi kwanza."

Dada alikuja na gauni lake jeupe, akaanza kulia. Padre alikuwa anangoja, na padre wetu hakuzoea kungoja. Mama alipiga magoti kumsihi bibi.

"Nendeni mkafunge ndoa," bibi akajibu. "Mimi ninalinda."

"Njoo uchungulie mwenyewe," mpiga picha akasema.

"Nikiinuka utapima."

"Basi huyu mdogo akae badala yako."

Nikakaa. Jiwe lilikuwa la baridi, nami nilisali Salamu Maria. Bibi aliingiza kichwa chini ya kitambaa, akakigeuza huku na huku.

"Umempindua mjukuu wangu kichwa chini," akasema hatimaye, maana kioo cha kamera ile kilionyesha kila kitu juu chini. Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Lakini kaburi liko juu. Huko hakuna wa kulihamisha. Piga."

Picha hiyo ninayo ndani ya kitabu changu cha sala. Dada ana macho yaliyovimba, bibi amemshika mkono, nami nimeng'ang'ania jiwe, mguu mmoja peku. Waliniambia niinuke, nikakataa.

Hakuna aliyetuhamisha. Namshukuru Mungu. Migomba ilikuja kunyauka kwa ugonjwa, omulamula ukang'olewa, zikawekwa nguzo za saruji, na wajukuu walioko Mwanza na Dar es Salaam wakaomba kila mmoja apewe kipande chake.

Nilimwomba yule kijana nami nichungulie. "Karibu, bibi," akasema, akanishushia chombo. Kaburi lilisimama wima kabisa, karibu sana, halikupinduka. Nilitamani kwenda kuketi juu yake. Lakini karatasi ya kugawa kibanja niliisaini mimi mwenyewe, Jumapili, nikitoka misa.